Mkono wa Kigeni na Sauti ya Raia

Kila inchi ina haki ya kujilinda. Mwenye nyumba hufunga mlango wake usiku, wala hakuna anayemlaumu. Lakini adui wa siku hizi haji sikuzote na bunduki. Mara nyingine huja na zawadi mkononi. Humpa mkubwa wa chama fedha za uchaguzi, humlipia mwandishi safari, huwatisha watu waliohama ili wasiseme neno baya juu ya serikali ya kwao. Wazee walisema: Kikulacho ki nguoni mwako. Ndiyo maana serikali nyingi zimetunga sheria mpya juu ya watu wanaotumikia inchi nyingine kwa siri.

Lakini hapo panazuka swali gumu. Mtumishi wa inchi ya kigeni ni nani? Mpelelezi, bila shaka. Je, mfanyabiashara anayeuza mali ya kampuni ya ng'ambo naye ni mtumishi wa namna hiyo? Na mwalimu aliyesomeshwa kwa fedha za ng'ambo? Na Mkatoliki, ambaye mchungaji wake mkuu anakaa Roma?

Swali hili la mwisho si la mchezo. Mwanzoni mwa mwaka 1918 lingaliweza kuulizwa kwa hasira barabarani; mwanzoni mwa mwaka 2018 maaskofu wa Australia walilipeleka wenyewe mbele ya kamati ya Bunge lao. Tunataka kueleza habari hiyo tangu mizizi yake, kwa sababu ina fundisho kwa kila inchi inayotunga sheria za usalama.

Lawama ya zamani

Australia ni inchi kubwa sana iliyo kati ya Bahari ya Hindi na Bahari ya Pasifiki. Waingereza waliitawala, na Wakatoliki wengi wa mwanzo walikuwa watu wa Ireland, inchi ambayo wakati ule ilikuwa chini ya Uingereza, tena bila kupenda. Basi tangu mwanzo wenzao wengine waliwatazama kwa jicho la mashaka. Walisema: Hawa hawampendi mfalme wetu, na amri zao zatoka Roma.

Vita Kuu ya kwanza ilizidisha mashaka hayo. Ministri wa Kwanza, William Hughes, alitaka vijana walazimishwe kwenda kupigana ng'ambo. Lakini hakuthubutu kulifanya jambo hilo bila kuwauliza raia. Tarehe 28 Oktoba 1916 wakapiga kura, na wale waliokataa wakawashinda wenzao kwa kura kama 72,000. Hughes akauliza tena tarehe 20 Desemba 1917. Safari hii waliokataa walizidi kwa kura kama 166,000.

Kati ya waliosema wazi kwamba kulazimishwa hakufai, alikuwamo Daniel Mannix, mzaliwa wa Ireland, aliyefanywa Askofu Mkuu wa Melbourne mwaka 1917. Wakatoliki hawakuwa na nia moja katika jambo hilo, wala si wao peke yao waliokataa. Hata hivyo lawama iliwaangukia wao: wakaitwa watu wasioaminika, watumishi wa Ireland na wa Papa. Mwezi wa Agosti 1920 Mannix alipokuwa akisafiri kwa meli kwenda kumwona mama yake Ireland, manowari ya Kiingereza ilimtoa melini na kumshusha Uingereza, asipate kukanyaga inchi yake ya kuzaliwa. Askofu kukamatwa baharini kama adui! Jambo hilo halikusahauliwa upesi katika nyumba za Wakatoliki.

Sheria ya haraka ya mwaka 1950

Baada ya Vita ya pili hofu ilipata jina jingine. Sasa waliogopwa Wakomunisti, kwa sababu chama chao kilitazama Moscow. Serikali ilianzisha kazi ya upelelezi wa ndani mwezi wa Machi 1949. Kisha Robert Menzies alishinda uchaguzi wa Desemba 1949, akaleta mswada wa kuvunja Chama cha Wakomunisti.

Tuwe waangalifu hapa. Hofu ya Menzies haikuwa ndoto tupu. Wapelelezi wa Urusi walikuwako kweli. Ubaya ulikuwa katika namna ya sheria yenyewe. Serikali iliweza kumtangaza mtu kuwa Mkomunisti wa hatari, naye akipinga, ilikuwa juu yake kuonyesha kwamba siye. Yaani mshtakiwa ndiye alipaswa kutafuta ushuhuda, si mshtaki. Matokeo yake yalionekana hata kabla sheria haijapita. Menzies alisoma Bungeni majina ya watu 53, akisema ni Wakomunisti wenye vyeo katika vyama vya wafanyakazi. Siku chache baadaye ikambidi arudi kusahihisha, kwa sababu baadhi ya majina hayo hayakuwa ya kweli. Ikiwa mkubwa wa serikali mwenye wapelelezi wake alikosea mbele ya Bunge zima, mfanyakazi maskini angejiteteaje peke yake?

Sheria ilipita Oktoba 1950. Tarehe 9 Machi 1951 Tribinali Kuu ya inchi iliivunja: majaji sita walisema haipatani na Katiba, mmoja tu akaikubali. Menzies akaamua kuwauliza raia ruhusa ya kubadili Katiba. Kura ilipigwa tarehe 22 Septemba 1951. Mwanzoni watu wengi walidhani serikali itashinda bila taabu. Lakini mabishano yaliendelea wiki kwa wiki, watu wakasikia maneno ya pande zote mbili, wakaanza kuogopa mamlaka makubwa namna hiyo. Mwisho wake waliokataa waliwazidi waliokubali kwa kura kama 52,000, katika kura zaidi ya milioni 4 na nusu.

Wengi wa hao waliokataa hawakuupenda Ukomunisti hata kidogo. Walikataa sheria inayomhukumu mtu kabla ya kumsikiliza.

Neno la kushangaza

Aliyeongoza kazi ya kuikataa sheria ile alikuwa Herbert Evatt, mkubwa wa Chama cha Kazi. Alitetea haki za watu ambao wengi waliwachukia, na katika hilo twaweza kumsifu. Lakini tazameni jinsi moyo wa mtu ulivyo. Tarehe 3 Aprili 1954 Vladimir Petrov, mtu wa ubalozi wa Urusi mjini Canberra, aliwakimbia wenziwe akawapa Waaustralia barua za siri. Inchi nzima ikatikisika. Menzies akashinda tena uchaguzi wa Mei. Evatt alijaa uchungu, na tarehe 5 Oktoba 1954 akatangaza kwamba ndani ya chama chake mna kundi dogo linaloongozwa na watu walio nje ya chama. Kila mtu alijua anasema nani: Wakatoliki waliokuwa wakishindana na Wakomunisti katika vyama vya wafanyakazi. Chama kikapasuka mwaka 1955, na jeraha hilo lilikaa miaka mingi.

Basi mtu yuleyule aliyewakinga wengine na lawama ya mkono wa nje, miaka mitatu baadaye aliwatupia lawama hiyohiyo jirani zake. Hatusemi kwamba kundi lile halikuwa na makosa. Twasema kwamba lawama hii ni rahisi mno kutamkwa. Haihitaji ushuhuda mwingi, na anayetamkiwa hushindwa kuiosha.

Miswada ya Desemba 2017

Sasa tuje kwenye siku zetu. Mwaka 2017 magazeti ya Australia yalijaa habari za matajiri wenye uhusiano na China waliokuwa wakivipa vyama vya siasa fedha nyingi. Seneta mmoja, Sam Dastyari, alisikika akisema juu ya Bahari ya China ya Kusini mambo yaliyopingana na msimamo wa chama chake mwenyewe, akiwa pamoja na mmoja wa matajiri hao. Hakushtakiwa tribinalini, lakini tarehe 12 Desemba 2017 alitangaza kwamba anaacha kiti chake.

Siku chache kabla ya hapo, tarehe 7 Desemba, Ministri wa Kwanza Malcolm Turnbull alikuwa amekwisha kuleta Bungeni miswada miwili ya kujilinda. Wa kwanza ulihusu upelelezi, siri za serikali, na kuingiliwa na inchi za kigeni. Mtu akitumikia serikali ya kigeni kwa hila, kwa siri au kwa vitisho ili kuharibu mambo ya inchi, angeweza kufungwa hadi miaka 20. Wa pili uliweka daftari la wazi: kila anayefanya kazi ya kuvuta siasa ya Australia kwa ajili ya bwana wa kigeni angepaswa kuandikisha jina lake. Marekani ilikuwa na sheria ya namna hiyo tangu mwaka 1938.

Shabaha ilikuwa njema. Anayesema kwa faida ya mwingine aseme waziwazi ni kwa faida ya nani. Nani atakataa hilo? Lakini wavu ulitupwa mbali mno. Katika mswada wa pili, bwana wa kigeni hakuwa serikali tu. Aliweza kuwa kampuni, au hata mtu mmoja asiye raia. Na katika mswada wa kwanza, adhabu juu ya siri za serikali hazikumhusu mfanyakazi wa serikali peke yake. Zilimfikia pia yule aliyepokea tu karatasi.

Raia wanaulizwa

Kwa desturi ya inchi ile, miswada ya usalama hupelekwa mbele ya kamati ya wabunge wa vyama vikubwa, nayo kamati huwaita watu wote wenye neno waandike au waje waseme. Ndivyo ilivyofanyika. Muda ulikuwa mfupi, tena katikati ya sikukuu za Noeli na likizo. Hata hivyo watu waliandika kwa wingi.

Waandishi wa magazeti walisema: Tukipata karatasi inayofunua uovu wa serikali, tutafungwa hata kabla hatujaichapa. Mashirika ya mapendo yalisema: Tunapokea sadaka toka ng'ambo kwa ajili ya maskini, je, tukiwasemea maskini hao mbele ya serikali, tutaandikwa kuwa watumishi wa wageni? Waaustralia wenye asili ya Kichina waliogopa kwamba wote watatazamwa kama wapelelezi, kama zamani watu wa Ireland. Hata ofisi ya serikali yenyewe inayochunguza kazi za wapelelezi ilionya kwamba wafanyakazi wake wangeweza kuvunja sheria kwa kutimiza tu wajibu wao.

Na maaskofu walikuja. Kati ya waliosema mbele ya kamati mwishoni mwa Januari 2018 alikuwamo Robert McGuckin, Askofu wa Toowoomba. Shida yao ilikuwa hii. Papa ni mchungaji wa Eklezia nzima; lakini mbele ya sheria za mataifa yeye pia ni mkubwa wa Mji wa Vatikano, na Australia ina uhusiano wa kibalozi na Kiti Kitakatifu tangu mwaka 1973. Sasa askofu akisema hadharani juu ya ndoa, juu ya wakimbizi, juu ya uhai wa wagonjwa, naye akifuata mafundisho ya Eklezia, je, anasema kwa amri ya serikali ya kigeni? Mswada ulikuwa na kifungu juu ya mambo ya dini, lakini maaskofu waliona hakiwatoi mashakani. Kwa hesabu ya mwaka 2016, Wakatoliki wa Australia walikuwa zaidi ya milioni 5. Maaskofu wakasema kwa adabu lakini wazi: Sisi ni wafuasi wa Kristu, na ni raia wa inchi hii. Imani si utumishi wa serikali nyingine.

Tuangalie jambo moja. Maaskofu hawakukataa inchi ijilinde, wala hawakuomba Wakatoliki wawe juu ya sheria. Walionyesha kwa kidole maneno yaliyo mapana kupita kiasi, wakaomba yapunguzwe.

Kilichobadilika

Je, walisikilizwa? Kwa sehemu kubwa, ndiyo. Mwezi wa Februari 2018 Christian Porter, ministri wa sheria, alianza kutangaza mageuzi kwa ajili ya waandishi wa habari. Tarehe 7 Juni kamati ilitoa taarifa yake juu ya mswada wa kwanza, yenye mashauri 60. Tarehe 25 Juni ikatoa ya pili, yenye mashauri 52. Bwana wa kigeni sasa alikuwa serikali, chama cha siasa, au kampuni na mtu walio chini ya mkono wa serikali au chama hicho. Kampuni ya kawaida na mtu wa kawaida waliondolewa. Mambo ya dini yanayofanywa kwa nia safi yaliachwa nje ya daftari, na mashirika ya mapendo yaliyoandikishwa yakapata kifungu chao. Adhabu kwa watu wasio wafanyakazi wa serikali zikatenganishwa na kupunguzwa, na waandishi wakapata njia ya kujitetea.

Lakini tusisifu kuliko inavyostahili. Baada ya miezi ya kuulizana, mwisho wake ulikuwa wa mbio. Taarifa ya pili ilitoka tarehe 25 Juni, na tarehe 28 Juni miswada yote miwili ilikuwa imepita. Raia wa kawaida hakupata nafasi ya kusoma vema yale yaliyobadilishwa. Mtu akikuuliza maoni yako juu ya shamba, kisha akabadili mipaka usiku mmoja na kupanda asubuhi, hujui bado kama amekusikia.

Matunda yake

Mti hujulikana kwa matunda. Mwaka 2019 watu waliofanya mkutano wa siasa mjini Sydney pamoja na shirika moja la Marekani walidaiwa karatasi zao, na hata Tony Abbott, aliyekuwa zamani Ministri wa Kwanza, aliambiwa ajiandikishe kwa sababu ya kuhutubia mkutano huo. Akakataa. Waliofanya mkutano walikwenda Tribinali Kuu, na tarehe 16 Juni 2021 majaji watano kati ya saba wakasema sheria ya daftari inapatana na Katiba.

Mwezi wa Desemba 2023 mtu mmoja wa Melbourne alionekana na hatia chini ya sheria ya kwanza, wa kwanza kupatwa na hatia hiyo baada ya kesi kusikilizwa. Mwezi wa Februari 2024 akahukumiwa kifungo cha miaka 2 na miezi 9. Tendo lake kwa nje lilikuwa jema: mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, alipanga zawadi ya fedha kwa hospitali mbele ya ministri mmoja. Raia waliokaa kama waamuzi walisadiki kwamba alikuwa akitengeneza njia ya kumvuta ministri huyo kwa faida ya chama kinachotawala China. Basi hatari si hadithi. Lakini huyu alishtakiwa kwa ushuhuda, mbele ya watu, na mshtaki ndiye aliyepaswa kuonyesha hatia. Hapo tofauti na mwaka 1950 ni kubwa.

Kwa upande wa daftari, mambo hayakuwa mazuri hivyo. Mwaka 2024 kamati ileile ya Bunge ilichunguza kazi yake, ikaona lina kasoro kubwa na halijatimiza shabaha yake. Wenye nia safi hujiandikisha. Mwenye hila haleti jina lake.

Nasi je?

Wasomaji wa Kongo hawawezi kuzisoma habari hizi kama mambo ya mbali tu. Mwanzoni mwa mwaka 1972 serikali ya Mobutu iliamuru majina ya kigeni yaachwe, hata yale ya ubatizo. Kardinali Malula alipoonekana kupinga, alishambuliwa kama adui wa taifa, akakaa Roma miezi mpaka akaruhusiwa kurudi. Na gazeti Afrique Chrétienne likafungwa. Amri ilitoka juu na kushuka. Hapakuwa na kamati ya kuuliza, wala karatasi ya kuandika maoni.

Tukiyaweka mambo haya pamoja, twaona kwanza kwamba inchi inaingiliwa kweli na wageni wenye hila, na Mkristu hana ruhusa ya kuwaficha wala kuchukua fedha zao. Pili, sheria iliyotungwa kwa hofu huwakamata wasio na hatia pamoja na wenye hatia, na wa kwanza kukamatwa huwa wale ambao jirani zao waliwashuku tangu zamani. Tatu, kuwauliza raia hakuivunji nguvu sheria. Katika Australia kulipunguza upana wake, na wenye nia njema wakapata kupumua.

Katika Injili watumishi walitaka kung'oa magugu mara moja, bwana wao akawazuia, wasije wakang'oa na ngano. Serikali haiwezi kungoja mpaka mavuno. Wapelelezi ni lazima wakamatwe leo. Lakini yaweza kuwauliza wenye shamba ipi ni ngano. Na wenye shamba wakiulizwa, wasinyamaze. Sheria ikipita juu ya vichwa vyetu kwa sababu tuliona uvivu wa kusoma na kusema, tutaulaumu mkono gani wa kigeni?